Tenora: Zumari ya Wakatalani na Vibonyezo Vyake

Mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa zumari ni nini. Kuanzia Lamu na Mombasa hadi Pemba na Unguja, harusi nyingi zimepambwa kwa sauti yake, nao Wadigo, ambao huiita nzumari, huipiga katika ngoma yao ya sengenya. Ni bomba fupi la mti lililokerezwa, jembamba juu na pana chini, lenye matundu machache ya vidole. Na kichwani limetiwa ulimi wa jani kavu la jamii ya minazi na mivumo. Chini ya ulimi huo kuna kisahani ambacho mpigaji hukiegemezea midomo yake, ulimi wote ukiwa umeingia kinywani. Mpigaji huyo hujaza mashavu pumzi, akavuta hewa mpya kwa pua huku akiisukuma ile ya mashavuni, na wimbo ukaendelea bila kukatika hata wachezaji wachoke.

Jina lenyewe tumelipata kwa Waarabu, ambao chombo cha namna hiyo hukiita zamr au mizmar. Waturuki wana zurna yao, Wahindi wana shehnai, na Wachina wana suona. Vyote hivyo ni watoto wa ukoo mmoja: bomba lililotanuka kama pia, na juu yake ulimi wenye majani mawili yaliyobanana, ambayo pumzi ikipita kati yake hutetema na kutoa sauti. Ukoo huu una matawi Ulaya pia. Katika makala haya tumekusudia kumwangalia ndugu mmoja wa huko, anayeitwa tenora, chombo cha Wakatalani wa kaskazini-mashariki ya Hispania.

Tumemchagua huyu kwa sababu maalumu. Karibu na katikati ya karne ya 19 tenora ilibadilishwa umbo kwa kiasi kikubwa mno. Ilirefushwa, ikatiwa domo la metali, ikafungwa vibonyezo na vyuma mwili mzima hata mtu asiyeijua akiiona kwa mbali hudhani ni chombo cha kiwandani. Hata hivyo, ikipigwa, sauti inayotoka ni ile ile ya ukoo wa zumari: kali, yenye moto, yenye kupenya kelele za uwanjani. Katika mikutano ya utamaduni tumesikia mara nyingi swali hili likiulizwa, wakati mwingine kwa hasira: je, chombo cha jadi chaweza kubadilishwa kiasi gani na bado kikabaki kile kile? Wako wasemao kuwa kukigusa ni kukiua. Wako pia wasemao kuwa kisichoweza kupigwa pamoja na gitaa na tarumbeta mahali pake ni makumbusho. Tenora ni jibu lililokwisha kujaribiwa kwa muda wa zaidi ya miaka 170, na kwa hiyo yafaa tulitazame jibu hilo kwa karibu, mbao kwa mbao na chuma kwa chuma.

Catalunya ni nchi ya watu wenye lugha yao, Kikatalani, ambayo si lahaja ya Kihispania bali ni lugha kamili yenye maandishi tangu Zama za Kati. Mji wake mkuu ni Barcelona. Sehemu ya kaskazini ya nchi hiyo, yenye mji wa Perpignan, ilitiwa chini ya Ufaransa kwa mkataba wa mwaka 1659, na tangu hapo Wakatalani wamegawanywa na mpaka upitao katika milima ya Pyrenees. Mpaka huo tutaukuta tena hapa chini. Jambo la kugawanywa ukoo mmoja kwa mstari wa ramani hatuna haja ya kulieleza kwa msomaji wa Afrika Mashariki.

Wanahistoria wengi wanakubali kuwa zumari ziliingia Ulaya kutoka nchi za Kiislamu katika Zama za Kati. Sehemu kubwa ya Hispania ilikuwa chini ya watawala Waislamu tangu mwaka 711, na utawala wao wa mwisho, ule wa Granada, ulikoma mwaka 1492. Vyombo, mashairi, hesabu na mbegu za mazao vilisafiri katika miaka hiyo bila kuulizwa dini. Katika Ulaya ya kifalme zumari zilikua, zikawa na ukubwa mbalimbali, nyembamba za sauti ya juu na nene za sauti ya chini, zikapigwa katika maandamano ya miji na makaribisho ya wafalme. Kisha, katika karne ya 17, mafundi wa Ufaransa wakaipunguza makali zumari ili iweze kupigwa ndani ya nyumba pamoja na fidla. Hapo ndipo ilipozaliwa oboi, chombo kipole cha okestra. Zumari zenyewe zikarudi mashambani. Sehemu nyingi zilikufa kabisa, lakini katika vijiji vya Catalunya ziliendelea kuishi.

Huko vijijini zilipigwa katika kundi dogo liitwalo cobla. Kundi la zamani lilikuwa na wapigaji watatu tu. Mmoja alipiga filimbi ndogo iitwayo flabiol kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akipiga kigoma kidogo kilichofungwa kwenye mkono wake. Wa pili alipiga zumari, wakiiita tarota au xeremia. Wa tatu alikuwa na chombo cha mfuko wa ngozi wenye mabomba, ambacho jina lake la kienyeji ni sac de gemecs, yaani mfuko wa vilio. Kundi hili lilitosha kwa sherehe za mtakatifu wa kijiji na kwa ngoma ya duara iitwayo sardana, ambamo wanaume kwa wanawake hushikana mikono na kuinua mikono hiyo juu, wakihesabu hatua zao.

Haja ya kubadili ilitoka wapi? Hapa hatuna budi kueleza kidogo juu ya matundu, kwani ndiyo kiini cha habari yote.

Bomba la zumari likizibwa matundu yote hutoa sauti yake ya chini kuliko zote. Kila tundu linapofunguliwa kutoka chini kwenda juu, ni kana kwamba bomba limekatwa mahali hapo, likawa fupi zaidi, na sauti hupanda. Kwa kuwa bomba limetanuka kama pia, mpigaji akikaza pumzi na kubana ulimi, sauti huruka oktava nzima, na vidole vile vile hutumika tena. Basi kwa matundu saba au manane mtu aweza kupiga nyimbo nyingi sana. Lakini nyimbo hizo zitakuwa katika ngazi moja ya sauti, au mbili tatu zilizo jirani. Oktava imegawanyika katika hatua 12, nasi tuna vidole kumi, na kimoja au viwili kati ya hivyo ni vya kushikilia chombo. Mafundi wa zamani walizipata sauti za katikati kwa hila ya kufungua tundu moja na kuziba la chini yake. Hila hiyo yafaa, lakini sauti hutoka dhaifu na yenye mashaka. Tena iko shida ya pili. Ukitaka sauti nene ni lazima bomba liwe refu, na bomba likiwa refu matundu yake hutengana hata kiganja cha binadamu kisiyafikie. Fundi aweza kuyavuta matundu karibu karibu ili yafikiwe, lakini akifanya hivyo atalazimika kuyafanya madogo, na tundu dogo hutoa sauti iliyosongwa.

Kijiji chenye wapigaji watatu kingeweza kuvumilia hayo. Lakini katika miaka ya kwanza ya karne ya 19 vyombo vya shaba vilibadilika. Mwaka 1818 vali za tarumbeta zilipewa hataza huko Prussia, na kwa muda mfupi tarumbeta, ambayo hapo kwanza ilikuwa na sauti chache tu, ikaweza kupiga ngazi yoyote. Bendi za majeshi zikajaa vyombo hivyo. Vijana wa miji ya Catalunya wakazisikia, na nyimbo za opera za Italia zikawa zinaimbwa hata na mafundi cherehani. Zumari ya kijijini ilikuwa na njia mbili: ama kujifunza kuzungumza na vyombo hivyo, ama kunyamaza.

Jina linalotajwa kwanza katika mageuzi hayo ni la Pep Ventura. Alizaliwa mwaka 1817 katika mji wa Alcalá la Real, kusini kabisa ya Hispania, ambako baba yake alikuwa askari. Hakuzaliwa Catalunya, basi. Na bado hakuna jina lililo la Kikatalani kuliko lake. Mtoto huyo alikulia kaskazini, akafunzwa kazi ya ushonaji na muziki na fundi mmoja wa mji wa Figueres aliyekuwa mshonaji na kiongozi wa cobla, akamwoa binti wa mwalimu wake, kisha akaongoza kundi mwenyewe hadi alipofariki mwaka 1875. Ventura aliliongeza kundi la vyombo vitatu. Aliingiza vyombo vya shaba na fidla kubwa ya kusimama, akauondoa mfuko wa vilio, na zumari nene akaipa wimbo wenyewe, yaani akaitoa katika usaidizi akaifanya msemaji mkuu. Wakati huo huo Miquel Pardàs alichapisha Figueres, mwaka 1850, kijitabu cha kufundisha hatua za sardana ndefu, ngoma mpya iliyohitaji muziki mpana zaidi.

Lakini Ventura alikuwa mpigaji. Chombo alichokihitaji ilibidi kitengenezwe na mikono ya mtu mwingine, naye ni Andreu Toron, fundi wa vyombo wa Perpignan, upande wa pili wa ule mpaka tuliokwisha kuutaja. Kati ya Figueres na Perpignan ni mwendo wa kilomita zipatazo 60. Mwaka 1849 Toron alikitokeza chombo chake kipya, zumari nene yenye vibonyezo na domo la metali, ambayo ndiyo mama wa tenora zote zipigwazo leo. Watu hupenda kumpa Ventura sifa yote, na masanamu na mitaa imepewa jina lake. Sisi tunaoandika mashairi twajua desturi hiyo: mwimbaji hukumbukwa, na aliyechonga ala husahauliwa. Katika habari hii yafaa fundi atajwe kwa sauti sawa na mpigaji.

Sasa tukifungue chombo chenyewe.

Tenora ina urefu wa karibu sentimita 85. Ndugu yake mdogo, aitwaye tible, hafiki sentimita 60 na hupiga sauti za juu. Majina hayo mawili yanaonyesha kazi zao, moja likitokana na tenori, jingine na sauti ya juu ya waimbaji. Mwili wa tenora hukerezwa kwa mti ambao Wakatalani huuita ginjoler. Hapa msomaji wetu na atulie kidogo, kwa kuwa mti huo si mgeni kabisa kwake: ni jamii moja na mkunazi. Wataalamu wa mimea huuita ginjoler Ziziphus jujuba, na mkunazi wetu Ziziphus mauritiana. Ni ndugu wa karibu, wenye miiba ile ile na matunda yanayofanana, ila ule wa kwao huvumilia baridi. Mbao zake ni ngumu, nzito, za rangi ya wekundu wa kahawia, zenye nyuzi zilizoshikana kiasi cha kuweza kukerezwa nyembamba bila kupasuka. Mbao hizo hukaushwa miaka mingi kabla ya kuguswa, kwa sababu mti mbichi ukitobolewa hujipinda, na bomba lililojipinda haliimbi sawa.

Tundu la katikati hutobolewa kwa keekee nyembamba kwanza, kisha likapanuliwa kwa vyuma vyenye umbo la pia, kimoja baada ya kingine, mpaka upana uongezeke kwa kipimo kile kile toka juu hadi chini. Hiyo ndiyo kazi isiyosamehe kosa. Nje ya chombo fundi aweza kupamba apendavyo, lakini ndani, unene wa unywele mmoja waweza kuiharibu sauti moja na kuiacha jirani yake salama. Kwa kuwa bomba ni refu, hukatwa vipande na kuungwa kwa viungo vilivyozungushiwa uzi au gome laini ili hewa isipenye.

Kisha vyaja vibonyezo. Kibonyezo si kitu cha ajabu. Ni wenzo, ule ule ambao wanafunzi wetu huusoma katika fizikia. Upande mmoja kuna kibao kidogo cha metali anachokibonyeza mpigaji. Katikati kuna egemeo, yaani msumari mwembamba uliopita katika nguzo mbili zilizokazwa katika mti. Upande wa pili kuna kifuniko cha duara chenye kipande cha ngozi laini chini yake, kilichokaa juu ya tundu. Chini ya wenzo kuna kamani, kama ile ya saa, inayourudisha mahali pake kidole kikiondoka. Iko aina mbili. Kuna kibonyezo ambacho kikiachwa hulala kimefunga tundu, na kikibonyezwa hufungua. Hicho ni cha zile sauti za katikati ambazo zamani zilipatikana kwa hila. Kuna na kingine ambacho kikiachwa husimama wazi, na kikibonyezwa hufunga. Hicho ni cha matundu ya chini kabisa ambayo kidole hakiyafikii. Kidole kidogo cha mwisho, ambacho kwenye zumari ya kawaida kazi yake ni chache, katika tenora kimekuwa mfanyakazi mwenye shughuli nyingi, akitawala matundu yaliyo mbali naye kwa fimbo ndefu za metali.

Fikra hiyo haikubuniwa Perpignan. Hata zumari kubwa za Ulaya za karne ya 16 zilikuwa na kibonyezo kimoja cha tundu la chini, kilichofunikwa kwa kikapu cha mti chenye vitobo ili kisigongwe. Na katika miaka ile ile ya Toron, Theobald Boehm wa mji wa Munich alikuwa akiitengeneza upya filimbi, mara ya kwanza mwaka 1832 na tena mwaka 1847, kwa kuyaweka matundu pale sauti inapoyataka na si pale vidole vinapoyafikia, kisha akaviacha vyuma viunganishe vidole na matundu. Mafundi wa Ulaya nzima walizungumza juu ya kazi hiyo. Sifa ya Toron ni kwamba alichukua elimu hiyo ya miji mikubwa akaitumia kwa chombo ambacho miji mikubwa ilikuwa imekwisha kukitupa. Vibonyezo zaidi ya 10 viliwekwa, na matokeo yake ni kwamba tenora yaweza kupiga hatua zote 12 za kila oktava, kwa zaidi ya oktava mbili, bila sauti moja kuwa mtoto wa kambo.

Domo la chini lilifanywa la metali badala ya mti. Zumari ya zamani ilitanuka kwa mti wake wenyewe, na kwa bomba refu kama hili ingehitajika gogo pana sana, sehemu kubwa yake ikawa takataka za kerezo. Metali ilirahisisha kazi, tena ikampa tenora yale mng'ao ya sauti yanayomwezesha kusikika katikati ya tarumbeta.

Sasa tufike juu, kwenye ulimi, mahali ambapo Toron hakupageuza kuwa kitu kingine. Hapo ndipo penye jibu la swali letu. Ulimi wa tenora hutengenezwa kwa matete ya Mediterania, si kwa jani kama wa zumari yetu. Vipande viwili hukwanguliwa mpaka vikawa vyembamba, vikafungwa kwa uzi juu ya kijibomba cha metali. Ni mpana na mfupi, umefanana na kipepeo kidogo kilichofunguka. Ulimi wa oboi, kinyume chake, ni mwembamba na mrefu, na ndio unaoipa oboi upole wake. Kama fundi angetaka kuifanya tenora iwe oboi kubwa, ingalimtosha kubadili ulimi. Hakufanya hivyo. Hata kile kikombe kidogo cha kuegemezea midomo, ambacho ni ndugu wa kisahani cha zumari ya pwani, kilibaki. Tofauti ni kuwa mpigaji wa tenora hauachi ulimi huru kinywani kama afanyavyo mpigaji wetu. Huushika kidogo kwa midomo, na kwa hiyo aweza kuipunguza sauti hata ikawa kama ya mtu anayelia peke yake chumbani, kisha akaipandisha mpaka ikajaza uwanja.

Basi kilichobadilishwa ni njia ya vidole kuyafikia matundu. Kisichobadilishwa ni ulimi, umbo la pia la bomba, na mti wa nyumbani. Sauti hutoka katika hayo matatu. Mtu akisema kuwa vyuma vimeiua zumari ya Wakatalani, na aulizwe kama amewahi kuisikia.

Hatusemi kuwa hapakuwa na hasara. Mfuko wa vilio, uliokuwa mmoja wa wale watatu wa zamani, haukuweza kufuata ngazi mpya, ukaachwa. Ulipungua hadi karibu kutoweka, na hadi vijana wa miaka ya mwisho ya karne ya 20 walipoanza kuutafuta tena kwa wazee na katika makumbusho. Tarota, yaani zumari ile isiyo na vyuma, nayo ilisahauliwa kwa muda mrefu. Tena chombo chenye vibonyezo hakiwezi kutengenezwa na mchonga mbao wa kijiji peke yake. Chahitaji mjuzi wa kereza, mjuzi wa kulehemu na mjuzi wa muziki, au mtu mmoja mwenye ujuzi wote huo, na bei yake hupanda. Gharama hizo zililipwa, na mwenye kusifu mageuzi bila kuzitaja husimulia nusu ya habari.

Cobla iliyotokana na kazi ya Ventura na waliomfuata ina wapigaji 11 na vyombo 12: yule wa flabiol na kigoma, tible mbili, tenora mbili, tarumbeta mbili, trombone moja, fiscorn mbili ambazo ni ndugu wa tarumbeta wenye sauti nene, na fidla kubwa ya kusimama, ambayo kwa desturi ina nyuzi tatu. Wapigaji wa filimbi na zumari huketi mstari wa mbele, wale wa shaba husimama nyuma. Mpango huo wa viti una maana yake: vyombo vya kigeni vimekaribishwa, lakini vimesimama nyuma ya wenyeji.

Mshairi akiitazama sardana huvutiwa na jambo jingine. Wimbo wake una sehemu mbili, ya hatua fupi na ya hatua ndefu, na idadi ya mapigo katika kila sehemu hutofautiana toka wimbo mmoja hadi mwingine. Wachezaji hawaambiwi. Hawana budi kuhesabu sehemu zinapopigwa kwa mara ya kwanza, ili wajue namna ya kuzigawa hatua duara zima limalize pamoja na muziki. Ni watu wanaohesabu mizani kwa miguu. Mtunzi Juli Garreta wa Sant Feliu de Guíxols, aliyefariki mwaka 1925, na ambaye kazi yake ya mkate ilikuwa kutengeneza saa, alitunga sardana zinazohesabiwa kuwa miongoni mwa zilizo bora kabisa. Na Pau Casals, mpiga selo ajulikanaye ulimwenguni kote, naye alitunga za kwake.

Ngoma iliyo hivyo haikuweza kukwepa macho ya watawala. Mwaka 1924, katika udikteta wa Primo de Rivera, sardana iitwayo La Santa Espina, yenye muziki wa Enric Morera na maneno ya Àngel Guimerà, ilipigwa marufuku kwa kuwa watu walikuwa wameifanya wimbo wa taifa lao. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, utawala wa Franco, ulioanza mwaka 1939 na kukoma kwa kifo chake mwaka 1975, uliiondoa lugha ya Kikatalani katika shule na ofisi. Mtoto alisoma kwa lugha nyingine, na karani aliandika barua kwa lugha nyingine. Sardana ilibanwa, kisha ikaachiwa kwa jicho la tahadhari, labda kwa kudhaniwa kuwa ni mchezo wa wanakijiji tu. Tenora haina maneno. Haikuweza kushitakiwa kwa kusema Kikatalani, na kila aliyeisikia alijua inasema nini. Leo kundi la La Principal de la Bisbal, lililoanzishwa mwaka 1888, ndilo cobla rasmi ya serikali ya Catalunya, tenora hufundishwa katika shule za muziki, na mbele ya kanisa kuu la Barcelona watu huweka mikoba yao katikati ya duara na kucheza.

Turudi kwetu kwa maneno machache. Oboi na klarineti nyingi za okestra za dunia hutengenezwa kwa mpingo, na mpingo huo hutoka Tanzania na Msumbiji. Wanafunzi wa Lindi na Kilwa huupita mti huo njiani. Wamakonde wameupatia sifa kwa vinyago, lakini kama mti wa muziki huondoka ukiwa vipande, na hurudi, ukirudi, ukiwa na vibonyezo na bei. Wakatalani walikuwa karibu zaidi na masoko hayo kuliko sisi, na bado kwa chombo chao walibaki na ginjoler. Si kwamba mpingo haufai; ni kwamba fundi alifanya kazi na alichokijua.

Je, zumari yetu nayo itiwe vibonyezo? Kwa maoni yetu, hapana haja kwa sasa. Ngazi yake yatosha kwa chakacha na sengenya, na ufupi wake hauvipi vidole taabu. Mpigaji akitaka siku moja kupiga pamoja na taarabu yenye kinanda, huenda kibonyezo kimoja au viwili vikamfaa, na hatuoni dhambi ndani yake. Linalotutia wasiwasi ni jingine. Toron aliweza kuibadili tarota kwa sababu alikuwa nayo mkononi, akaipima, akajua kila tundu lake. Mafundi wa zumari katika pwani yetu ni wazee wachache, na vipimo wanavyovitumia vimo katika vidole vyao. Mwalimu wa shule ya pwani anaweza kuwapeleka wanafunzi kwa mmoja wa wazee hao, wakaandika urefu wa bomba, upana wa tundu la juu na la chini, umbali wa kila tundu la kidole toka kichwani, jina la mti na la jani la ulimi, na sauti inayotoka kila tundu linapofunguliwa. Kwa kazi hiyo yatosha rula, uzi, daftari, na ridhaa ya mwenye zumari.